Mguu Mmoja Chini

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamua. Nagombea urais. Si wa nchi, nchi ina wenyewe. Urais wa Shirikisho la Kimataifa la Kutembea kwa Kasi! Mkutano mkuu wa uchaguzi mwaka huu unafanyika hapa hapa mjini kwetu, Ijumaa hii. Fomu niliipeleka kimyakimya mwezi uliopita. Leo majina yametoka. Wagombea wawili tu: mimi na Wa Pili.

Wa Pili ana jina lake, lakini siliandiki humu. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa bingwa wa dunia wa kilomita hamsini, naye akaja nyuma yangu kwa sekunde moja na nusu. Akanipa mkono vizuri. Kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba kwenye mita mia za mwisho niliruka. Mimi! Sheria yetu ni nyepesi: mguu mmoja uwe chini muda wote. Miguu yote miwili ikiwa hewani, hutembei tena, unakimbia, na unatolewa. Sikuruka. Hakuna mwamuzi aliyeandika kwamba niliruka. Tangu siku hiyo yeye amepanda vyeo hadi umakamu wa rais, na kila akiulizwa kuhusu zile mita mia, hajibu. Anacheka tu. Kicheko hicho nimekisikia redioni, kwenye televisheni, na mara moja ndotoni. Nikiwa rais, atakoma kucheka. Ilani yangu ni hiyo. Mengine ni mapambo.

Kazini nimeomba ruhusa ya wiki nzima. Kiwanda cha viatu. Mimi ni mkaguzi wa viatu vya kushoto. Vya kulia vina mtu wake. Msimamizi aliuliza kama nitarudi. Nikamwambia marais hawakagui viatu. Akasema basi nisisahau kuacha ufunguo wa kabati.

Mke wangu nilimwambia mchana, akiwa anamenya viazi. Yeye ni mwamuzi mstaafu wa kutembea. Tulikutana barabarani, kilomita ya thelathini na moja, aliponinyooshea kibao cha njano cha onyo: goti limepinda, nalo hutakiwa linyooke. Kibao chenyewe bado kinaning'inia kando ya jokofu, na bado kina kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni vizuri nimemwambia, maana chama chetu kimemteua yeye kuwa mjumbe. Mgombea hapigi kura. Kura ya nchi yetu anayo mke wangu!

Nikamuuliza, kwa mzaha tu, atampa nani. Akasema mwamuzi hanyanyui kibao kabla watu hawajaanza kutembea. Nikacheka. Yeye akaendelea na viazi.

Nchi ni arobaini na moja. Nahitaji kura ishirini na moja. Ya kwanza nalala nayo kitanda kimoja.

Jumanne, 7 Oktoba

Meneja wa kampeni amepatikana. Ni shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye duka la kuchapa kadi za harusi. Amekubali haraka mno. Nilipofika dukani nikaelewa kwa nini: ilani ameichapa juu ya karatasi zilizobaki za harusi fulani iliyoahirishwa. Njiwa wawili juu. Utepe katikati. Chini kabisa, baada ya sera yangu ya maendeleo ya mchezo, imeandikwa: Kadi hii ni ya mtu mmoja. Tafadhali fika bila kukosa.

Nilipiga kelele. Shemeji akasema, "Shem, tulia. Wajumbe watu wazima hawa, wakiona njiwa wanalainika."

Kalamu je? Kalamu mia tatu zenye picha yangu nikikata utepe wa ubingwa. Ametia wino wa zambarau. Eti ndio uliokuwepo. Picha yangu ni ndogo sana, natambulika kwa masharubu tu. Nimezikubali. Vita haisubiri wino mweusi.

Saa kumi nilipata wazo la siku. Mtu aliyechoka hawezi kufanya kampeni. Nikapiga simu hoteli ya wajumbe, nikajifanya Wa Pili, nikakaza sauti ya puani kama yake, nikafuta chumba chake. Mhudumu akauliza sababu. Nikasema goti. Akanipa pole, akasema chumba kitachukuliwa papo hapo kwa sababu hoteli imejaa. Nikamshukuru kwa ile lafudhi.

Sijutii. Siasa si lelemama. Nimelala usingizi mzuri wa mchana.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimerudi kutoka dukani kwa shemeji. Wa Pili ameketi kwenye kochi langu. Amevaa kandambili zangu!

Mke wangu ndiye aliyemleta. Alikwenda hotelini kuchukua beji ya mjumbe, akamkuta mtu mzima amesimama mapokezi na mabegi, chumba hana. Akaona aibu kwa niaba ya mji mzima. Akasema nyumbani tuna chumba cha wageni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, najua, sihitaji kuambiwa. Lakini mimi sikuingia peke yangu, nimeletewa mgeni humo humo.

Sasa analala chini ya picha yangu ya ubingwa. Yumo na yeye pembeni, nyuma yangu, kidogo amekatwa na fremu. Amesema picha ni nzuri. Mezani alitusimulia jinsi mtu alivyopiga simu hotelini kwa jina lake. Mhudumu alimwambia mpigaji alikuwa na mafua makali. Mke wangu akanitazama. Akainuka, akakitoa kile kibao cha njano kwenye msumari, akakipangusa vumbi, akakirudisha. Hakuninyooshea. Alikipangusa tu.

Nilijaribu kumpa Wa Pili kalamu, nimtie hasira. Akasema anazo nyingi, asante. Mke wangu ndiye aliyechukua moja, ya kuandikia orodha ya sokoni.

Alasiri nikazigawa kalamu zote kwenye meza ya usajili. Mafanikio makubwa! Wajumbe wanazitia mfukoni bila kuulizwa. Baada ya saa moja nikaitwa na Katibu wa Shirikisho, mama mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Kalamu zinavuja. Wajumbe kumi na wanne wana madoa ya zambarau kifuani, na mmoja alikuwa amevaa suti nyeupe ya ufunguzi. Akaniamuru nizikusanye zote kabla ya saa kumi na moja. Nikapita mfuko kwa mfuko nikiomba radhi kwa watu ambao ningeomba kura zao.

Nimezikusanya. Zilizobaki nje ya boksi ni mbili tu: hii ninayoandikia, na ile ya jikoni. Shemeji anasema angalau sasa wananijua. Ni kweli. Wananielekeza kwa kidole.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku kubwa!

Asubuhi niliamka nikasikia maji hayadondoki. Bomba la jikoni linadondoka tangu mwaka juzi. Wa Pili alikuwa amelitengeneza, amekunja mikono ya shati, mke wangu amemshikia tochi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hata siku ya tatu haijafika, jembe kajipa mwenyewe! Bomba ni langu. Nilikuwa nalitengeneza. Nilikuwa bado kwenye hatua ya kufikiri.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Wajumbe wote walikuwa uwanjani kuangalia maonyesho ya vijana. Nikachukua kipaza sauti. Nikamwita Wa Pili mbele ya nchi arobaini na moja: kilomita moja, leo saa tisa, hapa hapa, dunia ione nani anatembea na nani anaruka! Akasema sisi ni wazee sasa, tukanywe chai. Nikasema mwoga hunywa chai. Watu wakapiga makofi. Akavua koti.

Katibu akasema lazima awepo mwamuzi. Nani anaaminiwa na pande zote? Wa Pili mwenyewe akamtaja mke wangu. Moyo wangu uliruka (moyo tu). Shemeji akaninong'oneza, "Shem, hiyo kesi ushashinda. Hakimu ni wa nyumbani." Mke wangu akaenda nyumbani, akarudi na sanduku lake la kazi. Kibao cha njano, na kile chekundu cha kumtoa mtu.

Mizunguko miwili na nusu. Nina miaka hamsini na mmoja, nyonga zinalia kama mlango wa stoo. Lakini niliongoza! Mzunguko wa kwanza niliongoza. Wa pili niliongoza. Kwenye kona ya mwisho nikasikia viatu vyake nyuma yangu, kwap, kwap, kwap, kama miaka kumi na tisa iliyopita. Nikaongeza. Akaongeza. Nikaongeza tena. Ghafla mke wangu akaingia njiani, akanyanyua kibao chekundu.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Wa Pili katolewa! Mbele ya watu wote! Nikaona sasa niwe mkubwa. Nikasimama, nikageuka, nikapanua mikono, nikamkumbatia kumpa pole. Naye akanikumbatia. Akalia. Uwanja mzima ukasimama, makofi, vifijo. Mjumbe wa suti yenye doa akapunga kofia.

Mke wangu akasogea, akasema chini kwa chini kwamba kibao kile ni changu. Miguu yote miwili. Ameona kwa macho yake.

Nilibaki nimeduwaa. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Wote wameelewa kwamba bingwa ametolewa na mke wake mwenyewe, hakubisha, akatoka njiani, akamkumbatia mpinzani wake. Mjumbe mmoja mrefu akanishika bega, akasema miaka thelathini kwenye michezo hajaona uungwana wa namna hii. Katibu alivua miwani akaipangusa. Shemeji alizunguka huku na huku kusikiliza, akarudi anahema: kura zimefika ishirini na sita! Akanishika mikono miwili. Nisiseme neno. Mpaka kesho saa sita nisifungue mdomo, kesho nikisimama niseme asante, nikae. Nimeshinda!

Jioni mke wangu aliniwekea paja la kuku, la kwanza tangu Jumatatu. Akasema leo amemwona tena yule kijana wa kilomita ya thelathini na moja. Wengine wote akiwanyooshea kibao walimtukana, mimi nilimwambia asante. Kwa neno hilo ndipo aliponipenda.

Sijawahi kumwambia kwamba siku ile nilidhani ananipa maji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika kifupi. Nina hasira.

Ukumbi ulijaa. Wa Pili alizungumza kwanza. Sikuamini masikio yangu. Akasema miaka kumi na tisa ameulizwa swali moja na amejibu kwa kicheko, na kicheko kile kilikuwa dhambi. Jana amekumbatiwa na muungwana. Muungwana haruki. Akasema mbele ya wote, "Yule bwana alitembea. Mimi nilishindwa. Basi."

Hicho ndicho nilichokitaka maisha yangu yote. Nilikipata saa nne na dakika kumi asubuhi.

Kisha zamu yangu. Mkononi nilikuwa na karatasi ya shemeji yenye maneno mawili: Asante. Kaa. Nikasimama. Nikasema asante. Mke wangu, mstari wa tatu, alikuwa ananitazama na kutabasamu. Shemeji alikuwa ananionyesha kiti kwa mikono yote miwili.

Lakini kile kibao chekundu! Kimeingia kwenye kumbukumbu za Shirikisho. Kimeandikwa. Mtu atakuja kukisoma baada ya miaka mia! Haiwezekani bingwa anyamaze. Nikasema kabla sijakaa, ninakata rufaa. Shemeji alikuwa amerekodi kilomita nzima kwa simu. Nikamnyang'anya simu, nikaikabidhi kwa fundi wa mitambo, nikaagiza irushwe ukutani polepole, mguu kwa mguu, dunia ione haki.

Dunia iliona. Polepole ni polepole mno, nadhani simu ina kasoro. Kulikuwa na kiatu changu cha kulia hewani. Kulikuwa na kiatu changu cha kushoto hewani. Chini yao kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiti. Hata njiwa wa ilani hawakupaa vile. Nikaeleza kwamba ukuta umeinama. Mjumbe mrefu akauliza, kwa upole, kama ni hivyo kwa nini jana nilikubali. Nikamjibu ukweli: sikukubali kitu, nilidhani ametolewa yeye. Nikaona nijazie. Nikasema yeye si malaika pia, amekaa kwangu siku tatu anakula viazi vyangu, asingekuja kabisa kama nisingekifuta chumba chake.

Hapo ndipo nilipokaa.

Wa Pili alijitahidi, nakiri. Alijifunika uso kwa ilani yangu, njiwa na yote. Lakini mabega yalimtikisika, na mwisho kikatoka. Kicheko kile kile. Safari hii ukumbi mzima ulimsaidia.

Katibu alisoma kura moja moja. Wa Pili. Wa Pili. Wa Pili. Karatasi moja aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama mara mbili, akasoma jina langu. Kisha Wa Pili, Wa Pili, hadi mwisho. Arobaini kwa moja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Rais mpya ameondoka asubuhi. Ametandika kitanda. Kandambili zangu ameziosha. Akanishika mkono, akasema niwe na amani. Sikumjibu, nilikuwa natafuta jibu kali. Nimelipata sasa, saa nane usiku.

Swali ni moja tu: nani alinipa kura ile? Nimemfuata Katibu hotelini akifunga mafaili. Akasema kura ni siri. Nikaona vidole vyake: zambarau! Akasema karatasi moja ilikuwa haijakauka, amesugua kwa sabuni na ndimu, haitoki.

Kwa hiyo kuna mjumbe aliyeficha kalamu yangu! Nilipowapekua, yeye akaing'ang'ania kwa mapenzi! Namshuku wa suti nyeupe. Au mjumbe mrefu, amejuta baadaye. Shemeji nilipomweleza aliuliza kama nimekula.

Mke wangu sikumsemesha mpaka jioni. Mwishowe nikalipuka. Nikamwambia najua alimpa Wa Pili. Nchi yangu mwenyewe! Nyumba yangu mwenyewe! Kwanza kibao, kisha kura! Kikulacho ki nguoni mwako. Hakubisha. Akasema, "Sawa, baba," akaenda kuanua nguo.

Nilibaki na kile "sawa" chumbani. Kilinikaa vibaya.

Jumapili, 12 Oktoba

Mke wangu aliniagiza ufunguo wa stoo, upo kwenye mkoba wake. Nikaufungua. Bitana yote imelowa zambarau. Beji ya mjumbe imelowa. Chini kabisa ipo kalamu, na masharubu yangu yamebaki nusu. Orodha ya sokoni kwenye jokofu, nimeitazama vizuri sasa, tangu Ijumaa imeandikwa kwa penseli.

Niliketi sakafuni.

Alinikuta hapo. Nikamuuliza kwa nini, baada ya yote, baada ya ukuta na chumba cha hoteli. Akasema aliona nimeruka, kwa hiyo alinyanyua kibao. Na aliona nimekaa peke yangu mbele ya watu wanaocheka, kwa hiyo aliandika jina langu. Akasema hayo ni mambo mawili na wala hayagombani. Nililia, sifichi. Alinipa taulo la vyombo. Nikaomba msamaha kwa ya jana, na ya Jumanne, na ya bomba. Nikamshika mkono wenye doa, nikaapa: sitagombea tena. Kesho narudi kwenye viatu vya kushoto. Amani niliyoipata! Tukanywa chai.

Saa kumi. Nimefikiri kidogo.

Kalamu moja ilibaki kwa mjumbe, ikaleta kura moja. Wajumbe arobaini walinyang'anywa kalamu, kura sifuri. Jambo liko wazi kama jua! Kalamu zinafanya kazi! Aliyeniangusha ni Katibu na amri yake. Boksi lipo chini ya kitanda, zimejaa wino. Uchaguzi ujao ni baada ya miaka minne. Minne ni nini? Nimetembea kilomita hamsini na malengelenge! Shemeji nimempigia, nimemwagiza ilani mpya, safari hii njiwa wanne. Amekata simu, mtandao mbaya. Kiapo cha asubuhi kilihusu uchaguzi ule, huu ni mwingine.

Mke wangu amesikia yote kutoka jikoni. Amekuja amesimama mlangoni, kibao cha njano amekinyanyua juu kabisa, mkono umenyooka.

Nimemwambia asante. Sikujua kama ataniunga mkono mapema hivi.